Darasa la Mwalimu Modester

Asya alipoingia darasa la kwanza kwa mara ya tatu, magoti yake hayakuenea tena chini ya dawati. Aliokaa nao walikuwa wa miaka sita na saba. Yeye alikuwa anakaribia kumi. Herufi alizofundishwa asubuhi zilikuwa zimeshamtoka kabla ya adhana ya adhuhuri.

Mwalimu mkuu, Mzee Hamdan, akamwita mama yake, Mwanapili.

"Bi Mwanapili, sitaki nikufiche. Hapa Wingwi hatuna wa kumsomesha. Mwalimu mmoja ana watoto tisini. Huyu anakaa tu, na wenziwe wanamcheka."

Akamweleza njia mbili. Unguja kulikuwa na skuli ya dakhalia, ya kusoma na kulala huko huko, ya watoto kama Asya, na nafasi moja ilikuwa wazi. Wete, hapo hapo Pemba, kulikuwa na darasa maalumu moja tu, ndani ya skuli ya kawaida.

Silima, mume wa Mwanapili, hakusita. "Aende Unguja. Kule walimu wengi, tena wamesomea kazi hii."

"Avuke bahari peke yake, mtoto asiyejua kufunga viatu? Akishikwa na homa nani atamjua?"

"Watamjua. Ndiyo kazi yao."

Walibishana siku tatu, hadi Mwanapili alipomchukua mwanawe kwenda kuliona darasa la Wete. Mwalimu Modester, mwanamke wa Bara mwenye sauti ya chini, hakumuuliza Asya herufi. Alimpa vifungo vya rangi na vikombe vinne, avitenge rangi kwa rangi, akakaa naye mkekani. Asya akakosea, akarudia, akakosea tena. Ilipopita saa nzima mwalimu akainua uso.

"Atachelewa, mama, lakini atajifunza."

Hakuna aliyewahi kumwambia Mwanapili maneno hayo. Alilia pale pale, bila haya.

Nafasi ya Unguja wakaikataa. Asya akahamia kwa Mardhiya, dada yake Silima, aliyekaa jirani na skuli ya Wete. Kila mama yake alipokwenda kumtazama, alikuta jipya. Mara anafunga viatu mwenyewe. Mara anaijua A ya jina lake. Aliichora mchangani, kubwa, imelala upande, akaizunguka akicheka.

Kisha masika yakaharibu njia, na Mwanapili akakaa wiki tano bila kwenda. Kwenye simu Mardhiya alisema mtoto hajambo. Siku aliyofika, alikwenda moja kwa moja skuli. Asya alikuwa peke yake barazani, mgongo ukutani, watoto wengine wakiimba hesabu madarasani. Darasa maalumu lilikuwa limefungwa, limejaa madawati mabovu.

"Mwalimu Modester kapata uhamisho, kamfuata mumewe Bara," karani akamwambia. "Tunangoja mwengine."

"Lini?"

Karani akatazama meza. "Hatujaambiwa, bibi."

Mardhiya alipoulizwa, machozi yalimlengalenga. "Ningekwambia ungefanyaje, wifi yangu? Niliona nisikuvunje moyo."

Mzee Hamdan akapiga simu Unguja kwa niaba yao. Jibu likaja siku ya pili: nafasi ilishachukuliwa, na aliyetimiza miaka kumi hapokewi kama mwanafunzi mpya. Asya alikuwa ametimiza kumi wiki mbili nyuma.

Silima hakusema, "Nilikwambia." Mwanapili alitamani aseme, apate wa kugombana naye. Siku Asya aliporudishwa Wingwi, mume alilipokea begi la mtoto, akaliweka ndani, akashika jembe akaenda shamba la mihogo. Hakurudi mpaka magharibi.

Mwanapili alijaribu mwenyewe. Alitandika mkeka, akakusanya vifungo na vikombe. Asya akavipanga vyote bila kukosea hata kimoja, kisha akamtazama mama yake, akingoja. Mwanapili hakujua kinachofuata.

Jumatatu mtoto aliamka bila kuamshwa, akavaa sare, mtandio umekwenda upande, akasimama mlangoni.

"Twende, mama."

"Leo hakuna skuli."

"Kesho?"

Mwanapili alimvua mtandio taratibu, akaukunja. "Kesho," akasema, na Asya akaridhika.

Siku ya pili akavaa tena, na ya tatu. Ya nne, Mwanapili aliamka mapema, akaichukua sare ikiwa bado safi, akaificha uvunguni nyuma ya gunia la karafuu, akajilaza tena kando ya mwanawe kungoja aamke.