Doa kwenye Saa ya Mpiga Kengele

Ida hajui kuona kitu kichakavu akakiacha. Ndivyo alivyoumbwa, na ndiyo maana saluni yake pale Mbinga mjini haikosi wateja: ukiingia na kucha zilizobanduka, hutoki mpaka zing'ae. Jumamosi aliposhuka ziwani kumsalimia baba yake, akaikuta saa ya mzee mezani, mikono ikamwasha.

Saa yenyewe ilikuwa imechoka, jamani. Mkanda ulishakatika, mzee akawa anaitia kwenye mfuko wa shati. Uso wa saa ulikuwa umefifia, na kule chini, kwenye namba sita, palikuwa na doa la kahawia tangu siku ilipoingia maji. Na saa hiyo ndiyo iliyoongoza kengele ya kanisa! Mzee Cuthbert alianza kupiga kengele Ida hajazaliwa. Sasa Zabron, katibu wa kanisa, alikuwa akinong'ona kwamba zama za kengele ya kamba zimepita, afadhali wafunge spika. Ida alilijua hilo, likamkera. Ngoja, akasema moyoni, kesho baba yangu atoe saa mfukoni, watu wafumbe macho.

Mzee alipokwenda kununua usipa, vile vidagaa vya ziwani, Ida alitandika kitambaa cheupe mezani. Akabandua kioo kwa ncha ya wembe, akachomoa mishale kwa kibanio cha nyusi, pumzi kaibana. Akapitisha pamba yenye unyevu, taratibu, mpaka doa likatoka. Namba zilizofifia akazirudishia kwa kile kibrashi cha kuchorea maua kwenye kucha, kisha akafunika yote kwa rangi ya kucha ile angavu ya kung'arishia. Ilipokauka, akarudisha mishale na kioo.

Mzee aliporudi aliigeuzageuza. "Ahsante, mwanangu. Imekuwa mpya," akasema, kwa sauti ndogo kuliko Ida alivyotarajia.

Kengele ya kwanza ya Jumapili hulia saa moja na nusu. Siku hiyo ililia saa moja kamili. Heh! Kijiji kizima mbio. Mama Tadea wa kwaya alifika kitenge kakivaa nje ndani, uji kauacha mekoni, halafu akakaa akimngoja padri ambaye bado alikuwa ananyoa ndevu. Wengi walicheka. Zabron hakucheka.

"Mzee Cuthbert, kwa heshima zote," alisema, "ya jioni nayo ikikosewa, kamba tunaifungua. Spika ninayo tayari."

Nyumbani mzee aliiacha chai mpaka ikapoa. Ida akamsogelea.

"Baba, imekuwaje?"

"Doa langu umelipeleka wapi?"

"Doa?"

"Mwanangu, namba mimi sizioni, miaka sasa. Saa naijua kwa jua. Nusu naijua kwa doa: mshale mrefu ukiingia pale, navuta kamba. Leo doa hakuna, juu na chini sikuvijua. Kumbe nimeishika kichwa chini miguu juu, mshale wa juu nikauona uko chini, nikavuta."

Ida alitaka kulia, kicheko kikamponyoka, na mzee naye akaambukizwa. Lakini moyo ulimuuma. Alitaka kumpamba baba yake, akamwondolea macho.

Rafuni palikuwa na kahawa aliyoleta shangazi kutoka Matiri. Ida akaisaga kidogo kwa kitako cha glasi, ikawa vumbi, akaichanganya na tone la ile rangi angavu. Akafungua saa tena, akadondosha doa kwenye namba sita.

"Unaliona?"

"Hilo ni jicho la usipa. Ongeza."

Akaongeza.

"Ongeza, usinionee aibu. Nataka jicho la samaki mkubwa, la mbasa!"

Akaongeza. Mzee akaisogeza saa mwangani, na uso wake wote ukakunjuka. "Hapo hapo! Usiliguse tena."

Jioni, saa kumi na nusu, kengele ililia. Zabron alichomoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Mama Tadea alikuja taratibu, kitenge kimekaa sawa.

Baada ya sala Zabron akaomba aione hiyo saa iliyojirekebisha. Akaikagua kwa makini, akatikisa kichwa.

"Umeing'arisha kweli, Ida. Ila hapa chini pana doa limekushinda."

Ida akamtazama baba yake, na baba yake akatazama ziwani.

"Hilo, katibu," Ida akajibu, "ndilo lililonipa kazi kuliko vyote."

Mzee Cuthbert akaichukua saa yake, akaitia mfukoni, akaenda kukunja kamba yake.