Mpagazi wa Atuganile

Maoni aliyaomba Farzana mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Jumatatu aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wachezaji: "Kabla ya kitabu cha kumi na mbili, semeni yote yaliyo moyoni." Kufika Jumatano majibu yalikuwa yamepita mia moja na arobaini. Aliyasoma amesimama katikati ya kiwanda chake kidogo cha uchapaji pale Iringa, mashine ikiunguruma, Philbert akichungulia begani kwake.

Mchezo wenyewe uliitwa Ng'ambo ya Ukungu. Ulihitaji meza, dadu mbili, penseli, na watu wanne au watano wasiokuwa na haraka. Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mmoja anachagua kazi yake, mwindaji, mhunzi, mganga, mpiga zeze au mpagazi, halafu wanasafiri pamoja katika nchi ya kubuni, wakieleza kwa maneno kila wanachofanya, na dadu zinaamua kama wamefaulu. Miaka sita iliyopita Farzana alichapa kitabu cha kwanza cha kanuni, nakala mia mbili, akidhani zitamdodea. Zikaisha. Mwaka wa pili akatoa kingine, halafu viwili kwa mwaka, na sasa Philbert, fundi wa mitambo na mshirika wake, alikuwa anataka kimoja kila baada ya miezi miwili.

"Mhunzi amezidi," aliandika mtu wa Morogoro. "Tangu kitabu cha saba hana wa kumgusa."

"Sijamaliza cha tisa, cha kumi na moja hiki hapa. Dada, tupumue."

"Mpagazi wa nini? Kitabu cha tano kimetupa mfuko wa upepo unaobeba kila kitu. Mezani kwetu mpagazi ni mzigo."

Huyo wa mwisho alikuwa amepigiwa makofi na watu themanini.

"Umeona?" Philbert alisema. "Mpagazi tumwondoe. Nafasi yake tuweke mpelelezi. Nimeshamchora."

"Subiri kwanza."

"Tusubiri nini? Wachezaji wenyewe wamesema."

Farzana aliweka simu mfukoni. Ilikuwa vigumu kumweleza mtu ambaye hakuwepo. Mpagazi hakutoka kichwani mwake yeye. Alizaliwa Mbeya mwaka tisini na tisa, katika stoo ya duka la vifaa vya shule la baba yake, Mzee Gulam, wakati Farzana yuko kidato cha pili. Shangazi yake aliyeishi Uingereza alikuwa amewaletea kitabu cha mchezo wa namna hii, cha mitumba, chenye kurasa zilizochomoka katikati. Farzana na wenzake wawili wa darasani, Ipyana na Atuganile, walikaa juu ya mabunda ya karatasi za kiwanda cha Mgololo, wakasoma walichoelewa na kujitungia kilichokosekana. Mzee Gulam aliwapa karatasi zilizochanika pembeni. Dadu walizitoa kwenye boksi la ludo. Nje kulikuwa na baridi ile ya Juni ya Mbeya, ya kuvaa sweta juu ya sweta, na ndani mlikuwa na harufu ya karatasi mpya na wino, na sauti ya Ipyana akijifanya simba.

Farzana alipenda kuwa mpiga zeze. Ipyana alikuwa msimulizi, kwa sababu hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Atuganile alikataa kazi zote zilizokuwa kitabuni.

"Mimi nitabeba," alisema.

"Hiyo siyo kazi," Ipyana alimwambia.

"Siyo kazi? Njoo kesho alfajiri unibebee ndoo ya viazi kutoka Ilomba mpaka sokoni, halafu uwahi namba ya asubuhi shuleni. Ndiyo utaniambia."

Basi akawa mpagazi, na hakuna safari waliyoifanya bila yeye.

Jioni ya Jumatano hiyo Farzana alimpigia Ipyana, ambaye sasa ni mwalimu wa jiografia Ilomba na kiongozi wa wachezaji wa Mbeya.

"Njoo Jumamosi," Ipyana alisema. "Haya ya kwenye simu watu wanayaandika wamekaa chooni. Njoo uwasikie wakiwa mbele yako."

Alikwenda. Walikusanyika kama ishirini kwenye darasa la Ipyana, wengi wao vijana wa chuo, na mmoja wao, Bupe, alikuwa na vitabu vyote kumi na moja ndani ya begi. Aliviweka mezani kimoja juu ya kingine.

"Dada Farzana, shikamoo," alisema. "Naomba nisionekane sina adabu."

"Marahaba. Sema tu."

"Hivi vitabu nimevinunua vyote kwa sababu naupenda mchezo. Lakini kila kipya kikija, kinamwongezea mtu fulani nguvu, na nguvu hizo zinakula kazi ya mtu mwingine. Mfuko umemla mpagazi. Dira ya kitabu cha nane imemla mwindaji, maana hamna tena kupotea. Zamani tulikuwa tunahitajiana. Sasa kila mmoja anajitosheleza, tunakaa meza moja kama abiria wasiojuana." Akagusa kile cha juu. "Na hatujawahi kuzoea kitabu kimoja. Tukianza kukielewa, unatuambia kuna kingine."

Wengine wakaitikia. Farzana aliandika kila neno. Alikuwa amejiandaa kujitetea, lakini akasema asante tu.

Walipotoka nje, Ipyana alimuuliza, "Una habari kwamba Atuganile anacheza bado?"

"Atuganile yupi? Wetu?"

"Wetu. Yuko Mbalizi. Kila Jumapili baada ya ibada."

Farzana alisimama palepale. Mara ya mwisho waliongea kwenye msiba wa Mzee Gulam, miaka saba iliyopita. Kitabu cha kwanza kilipotoka alimtumia nakala kwa basi, akapata ujumbe wa "ndaga fijo", asante sana, basi. Alisema atampigia. Kisha kikaja cha pili, cha tatu, na kila wiki ikawa ya kuwahi kitu.

Kesho yake Ipyana akampeleka. Atuganile alikuwa na kibanda cha vitenge na cherehani karibu na soko, na Jumapili alikifunga mbele akafungua mlango wa nyuma. Alikuwa amenenepa kidogo na kuvaa miwani. Alipomwona Farzana aliweka chini birika, akamkumbatia, halafu akamsukuma kidogo kumtazama.

"Umekonda, wewe. Iringa hawali?"

"Wanakula."

"Kaa hapo. Leo utacheza."

Mezani walikuwepo tayari Yusta, muuza nyanya, na Fanueli, fundi baiskeli mwenye umri wa kumzaa Farzana. Ipyana alikuwa msimulizi, kama alivyozoea. Kitabu kilichokuwa katikati ya meza kilikuwa cha kwanza, kimelegea mgongo na kushonwa tena kwa uzi wa cherehani.

"Mko wapi kwenye safari?" Farzana aliuliza.

"Bondeni," Yusta akasema.

"Bonde la mwanzo? Lile la ukurasa wa kumi?"

"Hilohilo. Mwaka wa sita huu. Lina watu wengi bonde lile, dada."

Siku hiyo walifika kwenye daraja, na daraja lilikuwa na mlinzi aliyekataa kumpitisha mtu yeyote. Fanueli, aliyekuwa mwindaji, alitaka kuvuta upinde. Yusta mhunzi alitaka kuvunja geti. Farzana alijaribu kumpigia zeze, dadu zikamkatalia. Ndipo Atuganile akasema taratibu, "Natua mzigo. Naufungua."

Wote wakamgeukia. Farzana aliinama mbele, kwa maana alikuwa amesahau kabisa. Hii ilikuwa kanuni yao ya stoo: mara moja kwa kila safari, mpagazi hufungua mzigo na kutoa kitu ambacho hakuna aliyekitaja kabla. Kinaweza kuwa chochote cha kubebeka, ila lazima aseme ni nani aliyekifunga na kwa nini.

"Ni kitenge," Atuganile alisema. "Kipande, siyo chote. Kimefungiwa maharage ya mbegu. Alinipa mwanamke wa kijiji kile cha juu, tulipolala kwake. Alisema, ukimkuta mume wangu anayelinda daraja, mwambie mvua imeanza na mimi siwezi kulima peke yangu."

 Ipyana, msimulizi, hakuomba dadu.

"Mlinzi anakipokea," alisema. "Anakinusa. Anaweka mkuki chini, anaanza kupanda kwenda kwao. Daraja liko wazi."

Yusta alijifuta macho kwa upande wa kanga, akacheka kwa aibu. Farzana alichukua kitabu na kukifungua kwenye kurasa za mpagazi. Pembeni, kwa mwandiko wa Atuganile, kanuni ya mzigo ilikuwa imeandikwa yote kwa kalamu ya bluu. Katika chapa haikuwepo.

Wenzao walipotoka kwenda kuota jua, Farzana alisema, "Niliikata mimi. Ilizidi nusu ukurasa, na sikujua niiweke vipi kwenye jedwali. Nikaandika tu kwamba mpagazi anabeba kilo nyingi kuliko wengine."

"Niliona," Atuganile alisema. "Nikasema kurasa zimembana."

"Kwa nini hukuniambia?"

Atuganile alimmiminia chai kwanza. "Nilianza kukuandikia barua. Kabla sijamaliza, kitabu cha pili kikatoka. Nikasema ngoja nikisome, labda ameirudisha. Nikiwa bado nasoma, cha tatu. Mwishowe nikajiambia, mtu mwenye haraka hivi atapata wapi nafasi ya kusoma barua yangu."

Farzana alianza kuomba msamaha. Atuganile akamshika goti.

"Kunywa chai, itapoa. Sikukununia. Nilikukumbuka tu."

Waliongea mpaka jua likaanza kushuka, kuhusu stoo na kuhusu Mzee Gulam, aliyekuwa akipitapita na kujifanya hasikii, halafu anauliza, "Yule simba alikufa?"

Kurudi Iringa kulikuwa rahisi kuliko kumweleza Philbert. Alimsikiliza, mikono ikiwa na grisi, uso ukizidi kukunjamana.

"Kwa hiyo kitabu cha kumi na mbili hakuna?"

"Kipo, siyo mwaka huu. Kwanza tunarudi nyuma. Mfuko wa upepo unaondoka. Dira inapunguzwa, na nguvu za mhunzi pia. Na mpagazi anapewa kanuni yake, na jina la aliyeitunga."

"Watu watatusahau, Farzana."

"Wanaotupenda wana vitabu kumi na moja hawajavimaliza."

Philbert alitupa kitambaa mezani na kwenda zake, na wiki mbili waliongea ya mashine tu. Hofu yake ilikuwa na ukweli kiasi. Mabadiliko yalipotangazwa, kundi moja la Dodoma lilihamia mchezo mwingine, na mtu wa Morogoro, baada ya kulalamika kwamba mhunzi amezidi, alilalamika kwamba sasa amenyongwa. Lakini Farzana alichapa ukurasa mmoja wa kanuni ya mzigo, juu yake pameandikwa "Imetungwa na Atuganile, Mbeya", akautuma bure kwa kila mchezaji aliyemfahamu.

Mwezi ambao kitabu kipya kingetoka ukapita bila kitabu. Mwanzoni Farzana hakujua mikono aiweke wapi. Alisafisha mashine, akapanga kabati. Kisha siku moja mchana akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, akafungua ujumbe wa Bupe uliokuwa na kurasa nne. Kundi lao lilikuwa limekwama msituni, aliandika, na mpagazi wao akafungua mzigo akakuta viatu vya mtoto. Farzana alikivuta kiti karibu na mwanga, akaendelea kusoma, na Philbert alipomwita mara ya pili, alimjibu kwamba bado hajamaliza.