Visu Virefu vya Trakta

Rukara alijua kwamba ngozi ikilowa inarefuka. Muchungaji gani wa Masisi hajui hilo? Tangu utoto wake alifunga miguu ya ng'ombe kwa ukanda wa ngozi wakati wa kukamua, na kila masika aliufupisha. Sasa mutu kama huyo, kweli, anapimaje visu vya mashine kwa ukanda uliolowa? Kiburi tu! Kiburi na uvivu.

Mwaka ule wa 1956, muzungu wa shamba alikuwa na trakta ndogo ya kukata majani kuzunguka nyumba yake. Chini ya trakta hiyo kulikuwa na sanduku la chuma, na ndani visu viwili vya kuzunguka. Vilipokwisha makali, Rukara, aliyesaidia kazi ya trakta, akatumwa Goma kununua vingine.

"Beba kimoja cha zamani," Sebarenzi, dereva wa trakta, akamwambia.

Rukara akacheka. Yeye atembee na chuma cha kutu mpaka Sake, kungojea kamiyo, lori la kwenda Goma? Akapima kisu kwa ukanda wake, akapiga fundo, akaenda zake.

Mvua ikamunyeshea njia nzima. Dukani, muuzaji akaweka mezani visu vya namna mbili, vifupi na virefu, vikipitana vidole viwili.

"Cha zamani kiko wapi?"

"Cha nini? Mimi mwenyewe njo najua."

Fundo likaangukia kwenye virefu. Moyo ukamushtuka kidogo, akaunyamazisha, akachukua hivyo virefu.

Siku ya tatu ya kazi, kisu kikagonga sanduku, kikakatika, na sanduku likapasuka. Muzungu akapiga kelele kwamba dereva ameendesha vibaya, akamufukuza Sebarenzi palepale. Na Rukara? Alikuwa amesimama hapo hapo na kopo la grisi mukononi, mudomo kimya! Tangu siku hiyo haya ilimula, hata maziwa akaacha kuyanywa. Ng'ombe aliyetoa maziwa hayo, Rukara alipewa na Sebarenzi, kwa urafiki, na mutu aliyekupa ng'ombe humufichi kitu.

Jumapili, kisha misa, Sebarenzi akaja na muke wake Vénantie, wamebeba mizigo. Walikuwa wanaenda Walikale kutafuta kazi.

"Kaka, ng'ombe zangu nakuachia wewe. Sina mwingine wa kumwamini."

"Usiniachie kitu!" Rukara akalia kama mutoto. "Ni mimi! Nilipima na ukanda wenye maji. Visu vilikuwa virefu, na palepale dukani nilikuwa na mashaka."

Vénantie akashika mudomo. Sebarenzi hakushtuka.

"Niliona," akasema. "Wakati wa kuvifunga, vilibakiza nafasi ya ukucha tu."

"Uliona? Sasa juu ya sababu gani ulivifunga?"

"Si ni wewe njo ulivichagua?"

Afadhali angemupiga kofi. Rukara akafuta macho, akawaambia wateremushe mizigo, akapanda njia ya kwenda kwa muzungu.