Tongo la Karani

"Mmemtia dawa gani?" daktari wa mifugo aliuliza bila kututazama, kidole gumba chake kikiwa bado kimeinua ukope wa Karani. "Na tongo lilikuwa la rangi gani?"

Maswali mawili, mepesi kabisa. Majibu yote mawili nilikuwa nayo, nami nikayameza. Mpaka leo nikiyakumbuka siwezi kutulia. Nainuka, nafuta meza iliyo safi, narudi, nainuka tena.

Karani alikuwa mbwa wa ulinzi. Tulimpa jina hilo kwa sababu mgeni akifika getini, yeye hunusa karatasi zake kwanza, ndipo akubali apite. Mimi nilikuwa mtunza mabanda wa kampuni: kufagia, kulisha, kuosha, na kuwakagua mbwa kumi na wanne kuanzia pua hadi mkia kabla ya gwaride la asubuhi. Walinzi waliniita Mama Mabanda, nami niliitika. Aliyemwongoza Karani kazini alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Kazi ile nilimtafutia mimi, na nilijisifu kwa hilo kila nilipopata wa kunisikiliza.

Pale kwetu mtu na mbwa wake walikuwa jozi. Mbwa akitolewa, mtu naye anatoka. Mwaka uliotangulia mbwa mmoja aliharibika jicho. Asubuhi akapakiwa kwenye gari, hatukumwona tena, na jioni mwongozaji wake akarudisha buti stoo. Kwa hiyo siku Karani aliporudi kutoka zamu amefumba jicho la kushoto, machozi yakimchuruzika upande mmoja tu, shemeji hakunieleza habari za jicho. Alinikumbusha kwamba mdogo wangu ana mimba ya miezi saba.

"Nisitiri, shemeji," akasema. "Siku mbili tatu litapoa."

Na nilijua! Hilo ndilo linalonikera. Daktari alikuwa akija kila Alhamisi ya pili, na alitufundisha kwa ukali wa mwalimu wa hesabu. Macho yote mawili yakiwa mekundu, huenda ni vumbi. Jicho moja likifumbwa na kukwepa mwanga, kuna kinachomuuma, nipigieni simu siku hiyo hiyo. Machozi ni jambo moja, usaha ni jingine. Na msimpanguse kabla sijaona, alisema, maana nyinyi kwa usafi hamjambo.

Basi nikampangusa. Kila alfajiri, kabla msimamizi hajapita na daftari lake, nilichemsha maji, nikayaacha yapoe, nikachukua pamba mpya kwa kila mpanguso, kutoka pembe ya pua kwenda nje. Siku ya kwanza pamba ilitoka na maji. Siku ya tatu, njano. Siku ya tano tongo lilikuwa la kijani, kope zimegandana, ikabidi nizilowanishe kwanza ndipo zifunguke. Pamba zote nilizitumbukiza chooni. Msimamizi alipopita, Karani alikuwa ameketi wima, jicho safi, nami nyuma yake nikitabasamu kama ninayepigwa picha.

Siku ya sita shemeji alileta tyubu ya dawa iliyobaki kwao mama yake alipopasuliwa jicho. Ni dawa ya hospitali, akasema, si ya kubahatisha. Tukampaka. Kesho yake wekundu ulikuwa umepungua hata nikashangaa, tukapeana mikono pale bandani. Siku ya nane katikati ya jicho pakaanza ukungu.

Usingizi ukaniruka. Mchana nilikwenda kumtazama, nikarudi, nikaenda tena, hadi mpishi wa walinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Niliomba Alhamisi isifike, na papo hapo niliomba ifike upesi. Ikafika.

Daktari alimwona Karani kabla hajashusha mkoba. Hakuuliza kitu. Alimdondoshea rangi jichoni, akazima taa, akamulika kwa tochi ya buluu, na doa la kijani lenye ukubwa wa punje ya mtama likang'aa katikati ya kioo cha jicho. Kidonda, akasema. Kisha akachukua kibanio, akainua ule ukope wa tatu ambao mbwa anao upande wa pua, akavuta mbegu ya nyasi, ndogo, yenye ncha kali.

"Siku ya kwanza, hii ni kazi ya dakika moja," akasema.

Ndipo akauliza yale maswali yake. Akaeleza kwamba ipo dawa inayoondoa wekundu huku kidonda kinaendelea kulila jicho, na lazima ajue anapambana na nini. Nikafungua mdomo. Nikamwona msimamizi na daftari lake. Nikaufunga.

"Ni mimi," shemeji akasema.

Akatoa ile tyubu mfukoni. Akasema alimpaka mwenyewe na kumpangusa mwenyewe: njano siku ya tatu, kijani siku ya tano, pamba mpya kila mpanguso. "Mtunza mabanda hajui lolote," akasema, "nilikuwa namficha." Msimamizi akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli.

"Ndiyo," nikasema.

Jicho lilipona. Nilimtia matone kila baada ya saa mbili. Nilikata kitako cha ndoo ya plastiki, nikamvisha shingoni asijikune. Baada ya wiki tatu lilibaki kovu jeupe tu, na daktari akaandika kwamba Karani anafaa kazi. Kumbe hakuna aliyehitaji kuondoka. Shemeji aliondolewa kwa kuficha, si kwa jicho.

Akarudia ufundi wake wa baiskeli. Mtoto akazaliwa, akakua akiniita mama mkubwa. Kila nilipowatembelea nilifika na mizigo isiyo na kiasi, na chai haijapoa nilikuwa nimeshaaga. Mdogo wangu alinitania kwamba kwake nakuja kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Nilicheka naye, na njiani nilijichukia.

Miaka minane ilipita hivyo. Juzijuzi nilimkuta mdogo wangu peke yake sebuleni akikunja nguo, nikayasema yote nikiwa bado nimesimama: pamba, tyubu, na ile "ndiyo" yangu. Alikunja shati hadi mwisho, akaliweka juu ya mengine.

"Aliniambia siku ile ile," akasema. "Akanikataza nisikuulize. Alisema dada utakuja mwenyewe."

Miaka yote hiyo walinipokea mlangoni, wakanitua mizigo, wakijua. Nyuma ya nyumba nyundo ilikuwa ikigonga chuma, pole pole, ya mtu asiye na haraka. Nikamwomba mdogo wangu anisaidie kumwita mumewe.

"Mwite mwenyewe, dada," akasema, akachukua shati jingine.