Picha Tatu za Chujio

Kitu cha kwanza nilichokiona ni alama ya dole gumba. Ilikuwa nyeusi, imekolea mafuta na tope, pembeni mwa karatasi, upande wa kulia. Katikati palikuwa na alama nyengine, imefifia kidogo. Kushoto palikuwa na ya tatu, kama kivuli. Sakafu ilikuwa ikifuka mvuke. Ami yangu Humoud alikuwa amejikunyata ukutani, ngozi ya shavu imemvuka kama ganda la kitunguu, na Bibi akipiga kelele aletewe asali. Mimi nilisimama mlangoni, macho yamenata kwenye karatasi, nahesabu madole.

Karatasi ile niliichora mimi.

Bibi Khole alikuja Omani na mifupa iliyozoea joto la Unguja. Kijiji chetu, Saiq, kiko juu ya mlima wa Jabal Akhdar, na asubuhi za Januari maji ya ndoo hufanya utando wa barafu. Baridi ilimla magoti kwanza, kisha vidole. Mwaka wa sabini na nane alikuwa hawezi hata kujifunga leso yake. Nikimfunga mimi, naye akitazama pembeni kwa haya.

Baba yangu, Amur, alikuwa akifanya kazi kituo cha kilimo. Baada ya mapinduzi ya Unguja alikimbilia Uingereza, akaajiriwa miaka saba kulisha boila la hospitali. Kwa hivyo kambi moja ya wageni ilipofungwa, alinunua boila lao na rejeta nne za ukutani, akazipandisha mlimani kwa Landrova. Moto wa dizeli unachemsha maji, maji yanazunguka ndani ya mabomba, kuta zinatoa joto. Majirani walikuja kugusa rejeta na kuchomoa mikono haraka.

"Amur katuletea jahannamu ndogo," walicheka.

Bibi alicheka pia. Wiki ile alijifunga leso mwenyewe.

Lakini rejeta zile zilikuwa kuukuu, ndani zimeliwa na kutu, na maji yalitoka na tope jeusi kama wino wa ngisi. Baba alisema tope lile likifika kwenye boila litaliua kabla ya baridi kwisha. Lazima tupate chujio.

Tuliteremka Nizwa, baba, ami na mimi. Mimi nilibaki ndani ya Landrova, kwa sababu dukani kulikuwa na wanaume, nikatazama kupitia mlango. Abdullatif mwenye duka aliweka vitu viwili juu ya meza. Kimoja kidogo, cha shaba, ndani kina wavu mwembamba. Kinataka kufunguliwa na kuoshwa kila wiki. Kingine kama chungu cha chuma. Tope hutuama chini lenyewe, na hufunguliwa mara moja kwa mwaka.

"Chukua hili la chungu," ami alisema. "Wewe safari zako haziishi. Nani atakuwa akikifungua hicho kidogo?"

"Wewe."

"Mie mtu wa mitende, kaka."

"Wavu unakamata hata vumbi. Hilo kapikie harisi."

Abdullatif alicheka. Ami hakucheka. "Nimeuliza, itakuwaje siku haupo?"

"Haya mambo nimekaa nayo miaka saba, Humoud. Wewe umekaa na mifereji ya falaji."

"Na nani aliyenikalisha huko?"

Hapo nilijua mambo yameharibika. Ami alipokuwa na miaka saba, babu alimpeleka Omani akalelewe na jamaa zake, na baba akabaki Unguja, akasoma skuli. Ami akasoma chuoni, chini ya ukuta wa msikiti, Kurani tu. Walikutana tena wakiwa watu wazima wenye ndevu. Bibi alikuwa akiomba kila sala aione nyumba moja yenye watoto wake wote wawili, na nyumba hiyo ilikuwa yetu.

Ami alimshika baba kwenye shingo ya dishdasha. Baba alimsukuma, makopo ya misumari yakaporomoka, ngumi ya ami ikaupasua mdomo wa baba. Abdullatif na watu wawili wa njiani ndio waliowatenganisha. Baba alitema damu, akanyoosha kidole kwenye kile kidogo cha shaba. "Nifungie hicho," alisema.

Tukapanda mlima. Damu ilikauka kifuani pa baba, rangi ya kutu.

Wiki mbili baadaye baba aliitwa kazini Muskat kwa siku kumi. Siku ya kuosha chujio ingemkuta huko. Alinipa karatasi na kalamu. "Mwandikie ami yako namna ya kulifungua," alisema. "Andika kwa Kiswahili, wazi."

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Niliandika kila alichosema. Kisha nikakumbuka kwamba ami hasomi herufi hizi za Kizungu. Barua zake zote, hata za Kiswahili, zilikuwa kwa herufi za Kiarabu. Baba alikuwa kasahau au hakuwahi kujua. Sikuthubutu kumkumbusha, mdomo wake ulikuwa bado una mshono. Nikaona nimsaidie ami kwa njia yangu. Chini ya maandishi nikachora picha tatu kwa mstari. Ya kwanza, moto umezimwa na koki mbili zimefungwa. Ya pili, mkono unafungua kifuniko na kutoa wavu. Ya tatu, koki zimefunguliwa na moto unawaka tena. Nilipenda nilivyouchora ule moto. Nilimpelekea ami karatasi yangu, nikaiweka juu ya goti lake na kukimbia, kama nilivyokuwa nikikimbia mbele ya kila mtu.

Kila Ijumaa ami alimsomea Bibi Kurani. Kidole chake kilitembea chini ya mstari kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kama mtu anayepapasa njia. Nilikiona kidole kile Ijumaa ngapi!

Siku ya kuosha ilifika asubuhi yenye jua. Ami aliutazama moto, akahakikisha unawaka, akafungua koki zote mbili mpaka mwisho. Halafu akafungua kifuniko.

Sauti yake sikuijua. Nilidhani ni punda. Maji ya moto na tope vilimpiga usoni na kifuani, vikampiga tena alipojaribu kukirudisha kifuniko kwa mikono mitupu. Hakukiacha. Chumba cha pili Bibi alikuwa amelala chini ya rejeta, na ami alikuwa akijaribu kuyazuia maji yasimfikie. Boila liliunguruma likiwa tupu, likapasuka kwa chini, moto ukazimika.

Mwalimu wa skuli alipiga simu ya redio kituoni. Baba alifika siku ya pili, alasiri. Nyumba ilikuwa baridi, sakafu imeganda tope jeusi, Bibi amevikwa mablanketi matano na bado anatetemeka. Ami alikuwa amekaa kitako, nusu ya uso imefungwa vitambaa, jicho moja limekwenda.

Baba hakutazama vitambaa. "Ulifungua moto ukiwaka?"

"Nimefuata karatasi."

Baba aliiokota. Akaisoma, kushoto kwenda kulia, na kila kitu kilikuwa sawa. "Karatasi hii? Kaandika mtoto wa darasa la tatu, na mtoto wa darasa la tatu angeielewa! Ulisema tangu dukani hulitaki. Umeliua boila kwa makusudi, umemuua na mama kwa baridi."

"Wallahi nimefuata, kaka."

Spana ilikuwa chini, karibu na mguu wa baba. Alimpiga nayo begani, kisha mkononi, nikausikia mfupa. Ami alichomoa jambia kwa mkono wa kushoto. Macho mawili ya baba na moja la ami, yote mekundu. Bibi, ambaye hakuwa akisimama bila ya kushikwa, alisimama. Aliingia katikati na kulikamata jambia kwa kiganja.

"Anza na mie," alisema. "Ziwa hili mmelinyonya nyote wawili. Lichome."

Damu ilimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Ami aliliachia jambia. Hakulichukua tena. Alitoka vile vile, mkono unaning'inia, akateremka mlima kwa miguu.

Alipoondoka, baba aliitupa karatasi kwenye tope. Mimi niliiokota. Midomo yangu ilifunguka, naapa ilifunguka. Baba alinigeukia, spana bado mkononi, akaniuliza, "Nini?"

Nikasema, "Bibi anatoka damu."

Bibi alikufa kabla ya mwezi wa Machi, kidonda cha kiganja hakijafunga. Chujio la shaba lilikuwa zima. Nililifungua mwenyewe siku moja, nikakuta wavu umejaa tope mpaka juu. Lilifanya kazi yake vizuri.

Ami alikwenda pwani ya Ashkhara, akakausha papa. Ndugu wale hawakusalimiana tena, hata kwa Idi. Kila mwenye kusimulia alisema Humoud aliharibu nyumba ya kaka yake kwa wivu, na watoto wa huko walimwita Jicho Moja.

Baba alifariki mwaka wa themanini na sita. Siku ya tatu ya matanga ami alikuja. Amekuwa mdogo, ananuka chumvi. "Shikamoo, ami," nilisema, na alinijibu kwa kunishika kichwa. Nilimmiminia kahawa. Katika chumba cha nyuma, chini ya sanduku langu, karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne.

Alikunywa kikombe cha kwanza. Kisha akasema polepole, ili wengine wasisikie, "Ghaniya, mwanangu. Wewe uliandika ile. Nilikosea wapi? Miaka minane naifuata kichwani, picha baada ya picha, sioni."

Nilimmiminia cha pili. Kahawa ikamwagikia kwenye kovu la mkono wake, naye hakuuondoa. Alinisubiri. Nikamimina cha tatu. Mwisho alikitikisa kikombe, maana yake basi, akanirudishia.

Ulianzia kulia, ami, kama unavyosoma siku zote. Hukukosea. Sikuweka namba, niliona zitaziharibu picha zangu.