Maji Yaliyokolea

Asubuhi, kabla ya kufungua saluni, msusi alipanga vifaa vyake kwenye meza ya kuoshea nywele: chupa ya kioo yenye mdomo mpana, vipande viwili vya waya wa fedha, betri, vibanio vya nywele vya kushikia waya, na dumu la maji safi yaliyotokana na mvuke, yale wanayonunua wenye magari kwa ajili ya betri zao. Nyuma ya pazia mumewe alikuwa anakohoa. Alianza wakati wa mvua, na mvua yenyewe ilikuwa imeshasahaulika.

Vifaa hivyo vya kutengenezea maji ya fedha, ambayo watu husema ni dawa ya kifua, havikupatikana kwa mteremko. Kwanza alimpelekea sonara bangili ya marehemu mama yake. Sonara aliikwaruza, akaitazama, akamrudishia.

"Hii imejaa shaba, dada. Utamnywesha mumeo sufuria."

Akamkatia waya safi. Fundi redio naye akamchagulia betri, akakataa kopo la plastiki, akamkataza maji ya bomba.

"Na maji yakianza tu kuwa manjano, shemeji, chomoa. Usingoje. Ila mimi siamini kama yanaponya kitu, nisikudanganye."

"Hata mimi siamini," alisema msusi. "Lakini zahanati nimekwenda mpaka mlinzi anadhani nimeajiriwa pale. Dawa hakuna."

Mfa maji haachi kutapatapa.

Kosa alilofanya lilikuwa la kazi yake. Miaka yote amewapaka watu rangi za nywele, na rangi iliyopauka humrudisha mteja mlangoni na matusi. Aliyatazama yale manjano, akaona hayajakolea. Akaziacha nyaya majini mpaka yakawa ya kijivu kizito kama maji ya kuoshea masizi. Mume akanywa kila alipopewa, maana mgonjwa haulizwi uji.

Vidole vikawa vya kijivu kwanza, kisha mikono, kisha shingo. Haukupita muda, akawa anang'aa mwili mzima kama kioo. Mkewe alipoinama kumfuta jasho, aliona kwenye kifua cha mumewe kilemba chake mwenyewe kimekaa upande. Akakiweka sawa. Kikohozi kilikuwa palepale.

Kwa kuwa kioo cha saluni kilikuwa na ufa, mume alihamishiwa mbele, kwenye kiti karibu na mlango, penye mwanga. Wateja walimpenda. Walisema anaonyesha sura ya mtu bila kumkata shingo kama kile kioo chenye ufa.

"Shemeji, usikohoe kwanza, namalizia wanja."

"Samahani," alisema mume. Alijizuia mpaka machozi yakamtoka, yakateremka juu ya uso wa mteja uliokuwa ukionekana kifuani pake, na mteja akasogea kidogo ili aone vizuri.

Siku moja akaja mama mtoa dawa wa zahanati, anataka kusukwa. Akampa pole mgonjwa, akaketi mbele yake. Kwenye kifua kile uso wake ulitokea vizuri. Nyuma yake, mahali ambapo ingeonekana benchi ya wateja, ilionekana sebule ya nyumbani kwake: maboksi ya dawa yamepangwa hadi darini, yana mihuri ya zahanati, na televisheni imewekwa juu ya machache. Saluni nzima iliona.

"Sebule imejaa," alisema bibi mmoja aliyekuwa akingoja zamu.

"Imejaa kweli," alikubali mtoa dawa. "Watoto hawana hata pa kuchezea."

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Huyu aliliona waziwazi, mbele za watu, akaomba mafuta ya kichwa.

Msusi alimchukia mwanamke huyo mpaka vidole vikamfa ganzi. Hata hivyo mistari aliyomsuka ilinyooka.

"Kuna boksi pale chini ya televisheni," alisema alipofika kisogoni. "La dawa ya kifua. Nalisoma kutoka hapa."

"Hizo zina wenyewe, mdogo wangu. Wewe njoo Jumatatu, zikifika nitakukumbuka."

Jumatatu alikwenda. Mtoa dawa, nywele zikiwa bado zinang'aa mafuta, alimwambia kupitia dirisha la dawa kwamba dawa hazijafika. Kwenye foleni walikuwepo wengi waliokuwa saluni siku ile. Waliitikia kwa kichwa, wakasogea hatua moja mbele.

Aliporudi, mumewe alimsubiri mteja aliyekuwepo ajikague na kuondoka, ndipo akauliza.

"Umepata?"

"Bado."

"Basi niambie ukweli. Nimekonda?"

Msusi akapiga magoti mbele ya kiti. Alitafuta mashavu ya mumewe, akatafuta macho yake, na kila alipotazama alimwona mwanamke mmoja tu, aliyekonda, mwenye macho ya kukosa usingizi.

"Hapana," alisema. "Hujakonda."

Mume akakohoa. Uso wa yule mwanamke ukatikisika, ukatikisika tena, kisha ukatulia.