Ukuta Uliokataa Boliti

Baba mkwe alikuwa na ukuta mmoja aliousifu kuliko alivyosifu watoto wake. Ulikuwa ule uliotenga chumba cha kulala na sebule. Aliujenga kwa mikono yake enzi zake za uashi, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuugusa hata kwa msumari wa kalenda. Aliyethubutu aliambiwa anatia kovu kazi ya mtu.

Sasa mama mkwe alikuwa amevunjika nyonga, na kitanda chake kilitazama ukuta huo. Hakuweza kuketi wala kujigeuza. Mtoto wao wa kiume, anayeishi mbali na mwenye shughuli nyingi, hakuja, alituma televisheni. Ilikuwa pana kama mlango, pamoja na mkono wa chuma wa kuishikia, ule unaokunjuka, ili skrini ivutwe hadi juu ya miguu ya mama. Macho yake nayo yalikuwa yamechoka.

Kazi ya kuifunga ilimwangukia mkwe. Ndiyo kazi iliyomlisha, kufunga televisheni madukani na kwenye kumbi, ingawa baba mkwe hakuwahi kuiita kazi. "Kutundika vitu," alisema. "Hata mke wangu hutundika nguo." Na kwa kuwa mkwe hakuwa mtu wa papara, mzee alimbandika jina la Bwana Taratibu.

Siku hiyo alikuja na mkewe, binti wa mzee, maana skrini nzito namna ile haibebwi na mtu mmoja.

"Karibu, Bwana Taratibu," mzee alisema. Alikuwa kwenye kiti chake miguuni pa kitanda, mgongo ukiegemea ukuta wake. "Jua lisituchwee ukiwa bado unapima."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, funga tuangalie habari."

Mkwe alimwamkia mama, kisha akaanza kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Kwenye kona sauti ilikuwa nzito, ya tofali. Katikati ilikuwa ya debe tupu.

"Unabisha hodi?" mzee akacheka. "Hakuna mtu humo."

Binti yake alicheka pia. Mama hakucheka.

"Sikiliza, mwanangu," mzee akaendelea, sauti imeshuka kidogo. "Hizo boliti ndefu za nini? Tumia skrubu fupi. Usichimbe sana."

Mkwe alisita. Mwashi mzima kutaka skrubu fupi kwa mzigo kama ule? Lakini hakupenda kumfikiria mtu vibaya haraka. Labda mzee aliionea huruma plasta yake.

"Baba, mkono huu ukiwa umekunjwa, mzigo unalala ukutani. Ukivutwa, unakuwa kama mtaimbo. Uzito uleule unazing'oa boliti za juu. Na chini yake yupo mama."

"Unanifundisha ukuta wangu?"

"Hapana, baba. Naomba nitoboe tundu moja tu la kuonja."

"Onja basi. Utavunjika jino."

Yeye na mkewe walikisogeza kitanda kando, wakamfunika mama shuka la kumkinga na vumbi. Drili ilisaga plasta kidogo, kisha ikazama yote kwa mkupuo, kama mtu aliyesukuma mlango usiofungwa. Kilichotoka hakikuwa vumbi la tofali. Yalikuwa maganda ya mbao. Akaingiza kipande cha waya, akakizungusha, kikanasa kwenye wavu. Ubao mwembamba, wavu wa waya, plasta juu yake. Ndani, hewa.

Alimtazama mzee. Mzee alikuwa akitazama pazia.

Hapo mkwe angeweza kulipiza kejeli zote kwa neno moja. Neno lilimfika ulimini, akalimeza.

"Hapa pana uwazi," alisema. "Tuifunge kwenye ukuta wa nje. Ule ni mzima."

"Kitanda hakitazami huko," mzee alidakia. "Funga hapohapo kwa skrubu fupi. Ukikunjwa utakaa."

"Na mama akiuvuta?"

"Asiuvute."

"Baba," binti yake alisema, "si ndiyo maana umeletwa huo mkono?"

"Basi auvute kidogo."

Mama akalishusha shuka usoni. "Ni mbao, sivyo?"

Mkwe akaanza kuukunja waya wake.

"Usimfichie, mwanangu. Maganda yake niliyafagia mimi." Akamwonyesha binti yake kwa kidevu. "Huyu alikuwa mchanga, tumelazwa naye hospitali. Narudi, tofali zilizopangwa uani hazipo, na ukuta umesimama, umepakwa chokaa. Nikamsifu, nikafagia. Baadaye nikapita mtaa wa nyuma, nikaona chumba kipya cha yule mwanamke wake. Tofali zangu sikuzikosea. Nilizifyatua kwa mikono hii, kila moja ina alama ya dole gumba langu."

"Mambo ya zamani hayo," mzee alisema.

"Ya zamani, ndiyo. Hayo nilikwisha kuyameza. Ila leo ulijua humo mna nini, ukamwambia atumie skrubu fupi. Na anayelala chini yake ni mimi."

Mzee akakung'uta vumbi magotini.

"Geuzeni kitanda," mama alisema. "Kitazame ukuta wa nje."

Mkwe akafanya kazi aliyoijua. Kwenye ukuta wa nje drili ililia kwa taabu, na vumbi likatoka la tofali. Akaweka boliti ndefu, akahakikisha kwa pima maji, akakaza. Kisha akaukunjua mkono mpaka mwisho, akaning'inia juu yake, miguu hewani. Haukutikisika. Ndipo alipomwita mkewe, wakainua skrini, kila mmoja upande wake. Machozi yalikuwa yakimtiririka mkewe, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Walipokigeuza kitanda, kiti cha mzee kikabaki nyuma ya kichwa cha mama. Hakuna aliyekihamisha. Binti akaivuta skrini karibu, picha zikawaka. Kutoka pale alipoketi, mzee aliona kisogo cha mkewe, na mwanga kidogo pembeni yake. Juu ya kichwa chake mwenyewe lilikuwepo lile tundu.

"Mkwe," mzee alisema. Hakumwita Bwana Taratibu. "Si una plasta? Lizibe hilo."

Mkwe akafungua kopo, akachukua mwiko.

"Liache," mama alisema bila kugeuka. Hakuweza kugeuka, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke, hilo halikumsumbua.

Mkwe akarudisha kifuniko cha kopo.